Sayari Inayoitwa Mmh

Tarehe kumi na tisa mwezi wa nne mwaka jana nilimpoteza mke wangu, na siku hiyohiyo nikapoteza majibu yote ya jiografia, historia, wanyama wa majini na mambo ya angani. Nilibaki na mwandiko.

Kwa miaka minne mimi na yeye tulikuwa meza ya watu wawili kwenye chemsha bongo ya mgahawa mmoja pale Lushoto mjini, jirani na soko. Hufanyika Jumapili ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa tisa mchana, watu wakishamaliza shughuli za gulio. Mwenye mgahawa aliwahi kuwa kondakta wa basi la Tanga, na mpaka leo akiuliza swali utadhani anaita abiria. Husoma swali mara mbili, mnaandika jibu kwenye kikaratasi, mnakunja, naye anapita kukusanya vikaratasi kwa sahani ya chipsi.

Kazi yangu mezani ilikuwa kuandika. Nina mwandiko mzuri. Mwalimu wangu wa darasa la saba aliwahi kuinua daftari langu mbele ya wenzangu akasema, "Huu ni mwandiko wa mtu mwenye akili." Kisha akanitazama, akaongeza, "Basi tu, mtu mwenyewe hayupo."

Akili ilikuwa ya mke wangu. Naye aliishia darasa la saba kama mimi, lakini aliuza maandazi, na maandazi hufungwa kwa magazeti ya zamani. Hakuwahi kufunga andazi kwa kipande ambacho hajakisoma. Mteja angesimama pale amenyoosha mkono.

"Mama, andazi langu."

"Subiri kidogo, kuna habari ya pweza."

Ndivyo alivyojua kwamba pweza ana mioyo mitatu. Kwa nini ana mitatu hakujua, maana gazeti lilichanika hapo. Elimu yake yote ilikuwa hivyo, imechanika pembeni na ina mafuta, lakini ilikuwa nyingi. Vipande alivyovipenda alivihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Mimi nililima kabichi na karoti huko Magamba na kujua kabichi na karoti, basi.

Swali la mwisho pale mgahawani haliandikwi. Linaitwa swali la mdomo. Anaulizwa mmoja tu wa kila meza, yule aliyekaa kiti cha ukutani, na mwenzake haruhusiwi kumnong'oneza. Kiti cha ukutani alikaa mke wangu siku zote. Sikuwahi kuulizwa kwa nini sikai mimi. Watu walikuwa wananijua.

Kuna jambo moja lazima niliseme mapema, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Kwetu Washambaa, angalau katika nyumba niliyolelewa na ile niliyooa, mkwe hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Humwita mame, yaani mama, na imetosha. Hata mtu baki mwenye jina hilohilo unamtafutia jina lingine. Jirani yangu mmoja analo jina hilo, nami kwa miaka yote nimemwita Jirani, na nadhani anaona namheshimu kupita kiasi. Kwenye simu nimeandika Mame Malindi, kwa kuwa nyumbani kwake ni Malindi, si ile ya pwani bali ya huku milimani Lushoto, juu zaidi ya kwetu.

Sasa, mama mkwe wangu ana jina la sayari. Ni ile ya pili kutoka kwenye jua, ile inayong'aa alfajiri na jioni mpaka watu wanaiita nyota. Wanawake wengi wanaitwa hivyo. Sitaliandika hapa. Aliyepita darasa la nne analijua.

Mimi na mke wangu hatukujaliwa mtoto. Kwa miaka kadhaa tulimlea binti wa dada yake, na alipokuwa darasa la nne alirudi nyumbani na kazi ya kukariri sayari. Nikajitolea kumsaidia, maana hilo ni jambo nililoliweza. "Sema baada yangu," nikamwambia. "Zebaki, mmh, Dunia." Akasema baada yangu. Tukarudia mpaka akazijua zote. Kesho yake alisimama mbele ya darasa akatamka kwa sauti safi: Zebaki, Mmh, Dunia. Mwalimu alipomuuliza nani kamfundisha, akasema baba mdogo.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, unga wa ngano ukiwa mikononi. "Mume wangu amegundua sayari!" Habari ilifika Malindi kabla ya mwisho wa wiki. Nilisikia kwamba na mame mwenyewe alicheka, ingawa si mbele yangu. Baadaye, tulipoanza kwenda kwenye chemsha bongo, mke wangu alinitoa hofu. "Swali hilo likija nitajibu mimi. Wewe ulivyo kimya, endelea hivyohivyo." Katika miaka yote minne halikuja.

Aliugua wiki tatu. Kuhusu wiki hizo sina la kuandika ambalo lingemsaidia mtu.

Mazishini alikuja mtani wangu, fundi cherehani wa pale sokoni, Mzigua wa Handeni, na watani ndio wenye ruhusa ya kufanya upuuzi msibani. Alijifunga kanga ya marehemu kiunoni, akafinyanga maandazi ya udongo, akapita kuwauzia waombolezaji, kila andazi amelifunga kwa gazeti. Kabla ya kumpa mtu alisoma kwanza, midomo ikicheza, jicho moja limefumbwa, vilevile kabisa alivyofanya mke wangu. Watu walicheka huku wanalia. Alipofika kwangu akaninyooshea andazi la udongo akauliza, "Mji mkuu wa Australia?"

Nikajibu, "Sydney."

"Amekufa kweli huyu mama," akasema mtani. "Ingekuwa kidogo tu, angefufuka kukusahihisha."

Hapo ndipo nilipolia. Mji mkuu ni Canberra. Nimeukuta kwenye kopo.

Baada ya hitma ya arobaini, mambo yalipungua moja moja. Shemeji yangu alikuja kuchukua nguo za dada yake, kama ilivyo desturi. Yule binti tuliyemlea, ambaye sasa ni msichana wa sekondari, akahamia kwa bibi yake Malindi. Hakuna aliyenisema vibaya. Ila nilipofunga mlango siku ile, nilitazama ndani nikaona sina kitu hata kimoja kinachosema nilioa Malindi.

Nilibaki na desturi moja, nayo ikanitia mashaka. Mimi na mame tukikutana njiani, yeye huvuta kanga kufunika uso na kugeukia pembeni, nami hutoka njiani kabisa mpaka apite. Ndiyo heshima ya mkwe na mama mkwe. Kwa ajili ya heshima hiyo nimeingia kwenye matope, kwenye miiba, na mara moja kwenye shamba la maharage la mtu aliyenifukuza kwa jembe. Sasa mwezi mmoja baada ya hitma tukakutana sokoni, karibu na wauza pichesi. Nikaruka pembeni kama kawaida, nikakanyaga fungu la nyanya. Yeye akapita. Mkono wake haukugusa kanga.

Nilijiambia hakuniona. Alikuwa na kikapu kichwani, mkono mmoja umekishika, mwingine una kuku. Mtu atavuta kanga kwa mkono upi? Nilijiambia hivyo kwa wiki nyingi, kwenye karoti na kwenye kabichi. Lakini kila gari la Malindi lilipopita barabarani mbele ya shamba langu nilikuwa nainama, kama mtu anayedaiwa, nikiuliza moyoni: nani amesema mimi bado ni mkwe? Mke hayupo. Mtoto hatukupata. Huenda nilikuwa nimeshakuwa mtu tu wa Magamba, na kila mtu anajua isipokuwa mimi, jambo ambalo kwangu si geni. Kupanda Malindi kubisha hodi sikuthubutu. Ningejitambulisha kama nani?

Mtani wangu ndiye aliyenitoa shambani.

"Wewe Mshambaa, nasikia unaongea na kabichi."

"Siongei nazo."

"Basi ndiyo maana zimedumaa. Jumapili nataka mtu wa kuandika. Mimi mwandiko wangu hata mimi siusomi."

Nikamwambia sitaki. Akaniambia zawadi ya mwezi huo ni mfuko wa mchele. Hapo nikaweka jembe chini, kwa sababu akili yangu, ambayo si ya haraka, safari hii ilikuwa imefika mahali kabla yangu. Mtu akishinda mfuko wa mchele, na yuko peke yake, na hawezi kuumaliza, si ajabu akaupeleka kwa wazee. Hata mtu tu wa Magamba anaweza kubisha hodi akiwa na mchele. Akikaribishwa kama mkwe, vizuri. Asipokaribishwa, ameleta mchele tu, hana aibu.

Wiki ile nzima nilisoma vipande vya kwenye kopo. Nakumbuka kimoja kilichosema, "Mto mrefu kuliko yote barani Ulaya ni," halafu basi. Jibu lake liliondoka na andazi la mtu.

Jumapili ikafika. Mgahawa ulijaa, na mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mabati. Tulipofika mezani mtani akataka kukaa kiti cha ukutani. Nikamzuia. Sikutaka mtu akalie kiti kile. Ili mtu asikikalie, nikakikalia mwenyewe. Nilijiona nimefanya jambo la heshima, na sikukumbuka kiti kile kina kazi gani.

Siwezi kueleza tulivyofanya vizuri. Mtani alijua mpira na mifupa ya mwili, maana anapima watu nguo. Swali la pweza likaja, nikaandika mitatu kwa mwandiko wangu wote. Halafu mwenye mgahawa akauliza karoti hutoa mbegu mwaka wa ngapi ikiachwa shambani. Mtani akanitazama. Nikaandika: wa pili. Ni swali pekee katika miaka minne nililojibu kwa kichwa changu mwenyewe. Meza ya walimu wawili wa sekondari, kijana na dada mmoja mwenye miwani, ambao ndio hushinda kila mwezi, waliandika kwamba karoti haina mbegu. Walizomewa na ukumbi mzima, na nilifurahi kwa namna isiyompendeza mtu mzima.

Tulifika swali la mdomo tukiwa mbele yao kwa alama moja. Swali hilo lina alama mbili, na huanzia meza inayoongoza. Tukijibu, mchele ni wetu. Tukishindwa linahamia kwao. Mvua ilikuwa imeanza kwa kishindo, na watu wa gulio walikuwa wamejibanza barazani na vikapu vyao, wengine wakichungulia kwenye dirisha la wavu.

"Meza ya fundi na mkulima!" akaita mwenye mgahawa. "Kiti cha ukutani, simama!"

Mtani akanitazama. Nami nikamtazama yeye. Nikasimama.

"Sikiliza vizuri, narudia mara mbili tu! Sayari ya pili kutoka kwenye jua inaitwaje? Ya pili kutoka kwenye jua, inaitwaje?"

Ukumbi ukaguna, maana lilikuwa swali la watoto. Mtani akapiga meza kwa furaha. "Mchele huo! Sema, bwana, hata mbuzi wa Magamba wanaijua!"

Niseme ukweli. Niliwaza mchele. Niliwaza kwamba mame hayupo hapa, kwamba mke wangu hayupo popote, kwamba jina la sayari si jina la mtu. Nikafungua mdomo. Herufi ya kwanza ilishaanza kutoka, zzz, kama nyuki.

"Endelea!" akasema mwenye mgahawa.

Nikageuza uso kuelekea dirishani ili nisitazamane na mtu wakati nalitamka. Nyuma ya wavu, kati ya watu waliokimbia mvua, alikuwa amesimama mama mkwe wangu, kikapu miguuni. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anakamua pindo la kanga.

Nyuki akafa mdomoni.

Nimejiuliza mara nyingi: asingekuwepo, ningesema? Ningesema. Nilikuwa nimeshaanza. Naandika hivyo kwa sababu baadaye watu kadhaa walinisifu, nami niliwaacha wanisifu.

"Sekunde kumi!" akasema mwenye mgahawa.

"Sema, bwege wewe!" Mtani alikuwa amesimama. Kisha akafuata macho yangu hadi dirishani, na nikaona uso wake unabadilika. Fundi yule huwashonea watu wa Malindi. Anawajua kwa vipimo na kwa majina. "Ooh," akasema. Akamgeukia mwenye mgahawa. "Mzee, ngoja. Mwenzangu hawezi kulitaja. Ni jina la mkwe wake. Mwache aandike."

"Swali la mdomo haliandikwi."

"Ni la mama mkwe, nakwambia!"

Mwenye mgahawa akashusha karatasi yake. Hakuwa mtu mbaya. Alipunguza sauti, lakini sauti yake iliyopunguzwa bado ingefika Korogwe. "Jamani, sote tulimzika mama yule. Mke hayupo. Ukwe gani tena?"

Swali lenyewe, lile nililokuwa naliinamia shambani, sasa limeulizwa mbele ya watu kana kwamba nalo ni swali la chemsha bongo. Mvua peke yake ndiyo iliyokuwa inapiga bati. Nilijua kwamba yeyote aliyekuwa dirishani amesikia.

"Jibu," akasema mwenye mgahawa.

"Mmh," nikasema.

"Nini?"

"Zebaki," nikasema, "mmh, Dunia."

Mtani akajishika kichwa. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenye mgahawa akasubiri watulie, akatikisa kichwa. "Mmh siyo sayari. Linahamia! Meza ya walimu!"

Dada mwenye miwani akasimama. Akalitaja jina lile wazi, kwa sauti ya darasani, silabi zote.

Na kutoka dirishani sauti ya mwanamke mtu mzima ikaitika: "Abee!"

Watu wote waligeuka. Mame alikuwa ameinua uso, ameshika wavu, anatafuta nani kamwita. Niliwahi kusikia vicheko katika mgahawa ule, lakini si kama hicho. Kijana mwalimu alilala mezani. Mwenye mgahawa, ambaye amekaa mlangoni mwa basi miaka na miaka na anadhani ameona kila kitu, alipangusa macho kwa sahani ya chipsi iliyo tupu. "Sayari yenyewe imeitika!" akapiga kelele. "Mchele kwa walimu!"

Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye kiti cha ukutani nikautazama mwandiko wangu.

Walimu wakachukua mchele. Mtani akanisindikiza hadi mlangoni. "Mshambaa," akasema, "kilo zote zile kwa ajili ya silabi tatu." Kisha akanipiga bega akarudi kumalizia soda yangu.

Mvua ilikuwa inapungua. Baraza la mgahawa ule ni jembamba, mtu mmoja hupita kwa shida, na chini yake kuna mtaro. Nilipotoka nikakuta mame ameshaweka kikapu kichwani, anakuja upande wangu. Mkono mmoja umeshika kikapu. Mwingine haukuwa na kuku.

Akaniona. Akavuta kanga, akafunika uso, akageukia ukutani.

Nikashuka mtaroni. Maji yalinifika juu ya kifundo.

"Shikamoo, mame," nikaiambia kanga.

"Marahaba." Akakohoa kidogo. Halafu akauambia ukuta, kana kwamba kuna mtu mwingine amesimama hapo: "Mwambieni mkwe njegere zimekomaa. Hatuna mtu wa kubeba magunia."

"Mwambieni mame nitapanda Jumanne," nikauambia mtaro.

"Na mwambieni," akasema, na kanga ikatikisika, "hiyo sayari yake ya Mmh haipo."

Akapita. Nilibaki ndani ya maji mpaka alipokata kona ya soko, ndipo nikavuta mguu. Mguu ukatoka. Kiatu kikabaki.